Sheikh al-Amin Mazrui: Aliyelitoa jina la ukoo ngomeni na kulitia gazetini

Ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa kwa karibu karne moja, kisha ukang'olewa mwaka 1837. Jina hilo liliporudi kusikika pwani nzima katika miaka ya 1930, lilikuwa limeandikwa katika gazeti la Kiswahili, na mwenye kulirudisha alikuwa yatima aliyelelewa katika vyuo vya dini.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alifariki dunia mjini Mombasa tarehe 1 Aprili 1947, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliacha vitabu vichache, vingi vyao vidogo, gazeti lililokuwa limekwisha kufungwa, mswada wa historia ambao haukuchapishwa hadi nusu karne ilipokaribia kupita, na wanafunzi ambao wangekuja kukalia kiti chake. Aliacha pia mtoto wa kiume wa miaka 14, ambaye dunia ingemjua kuliko baba yake.

Jina la Mazrui limetoa waandishi kwa vizazi vinne mfululizo, jambo lisilo la kawaida katika Afrika Mashariki. Wapo walioandika kwa Kiarabu, wapo walioandika kwa Kiswahili, na wapo waliojulikana kwa Kiingereza. Katikati yao wote yupo al-Amin, na bila yeye ni vigumu kueleza ilikuwaje ukoo wa watawala ukawa ukoo wa kalamu.

Habari zake zina maana ya pekee kwa wasomaji na wasikilizaji wa Kiswahili wanaoishi kusini mwa mto Ruvuma. Katika kijiji cha Quitunda, rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, wanaishi watu waliohamishwa kutoka Quitupo na vijiji vingine ili kupisha mradi wa gesi asilia. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Mwezi Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, maelfu ya watu walikimbilia kijiji hicho hicho wakitafuta usalama. Huko na katika pwani yote ya kaskazini ya Cabo Delgado, mtu huzungumza Kimakwe au Kimwani nyumbani, Kiswahili sokoni na baharini, na hukutana na Kireno shuleni na katika ofisi za serikali. Kiswahili chake hukisikia redioni zaidi ya kukiona kitabuni. Swali alilolihangaikia al-Amin Mazrui karibu miaka mia moja iliyopita lilikuwa hilo hilo: jamii inayosema lugha yake lakini haisomi wala haiandiki mambo yake kwa lugha hiyo, itajiamulia nini?

Mpaka mmoja, historia mbili

Mombasa na Palma zilitenganishwa na tukio moja. Wareno waliijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1593, na kwa muda mrefu pwani yote, kutoka Lamu hadi Sofala, iliwatambua kwa mizinga yao. Mwaka 1698 Waomani waliitwaa ngome hiyo baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Wareno walirudi kwa muda mfupi tu mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata. Tangu hapo mamlaka yao yakabaki kusini ya Rasi Delgado. Kwa hiyo ushindi uliowafungulia Wamazrui mlango wa Mombasa ndio uliowaweka mababu wa watu wa Palma katika ukingo wa dola nyingine.

Wamazrui walitoka Oman, na asili ya jina lao katika Kiarabu inahusiana na kupanda mbegu. Kuanzia miaka ya 1730 hivi walikuwa magavana wa Mombasa kwa niaba ya watawala wa Oman. Ukoo wa Busaidi ulipochukua utawala huko Oman, Wamazrui walikataa kuutii, wakajitawala wao wenyewe, na kwa kipindi kirefu Pemba nayo ilikuwa mikononi mwao. Mshairi Muyaka bin Haji aliishi katika zama zao na aliwatetea kwa tungo zake, hata Wamombasa wakazoea kuzihesabu beti miongoni mwa silaha. Mwaka 1824 Wamazrui walijaribu kujikinga na Sayyid Said kwa kupandisha bendera ya Waingereza, lakini London ilikataa kuutambua mpango huo na bendera ikashushwa mwaka 1826. Mwaka 1837 Sayyid Said akaushika mji. Viongozi wa ukoo walikamatwa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, wasirudi tena. Waliosalia waligawanyika, wengine wakaenda Takaungu kaskazini, wengine Gazi kusini.

Hapo ndipo tawi moja la ukoo lilipogeukia elimu. Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui, baba yake al-Amin, alizaliwa mwaka 1825 na kusoma Makka. Wamazrui wa kwanza walikuwa Maibadhi kama Waomani wengi. Ali alikuwa Sunni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waswahili walio wengi, na hakulificha jambo hilo. Aliandika na kujadiliana hadharani juu ya itikadi, hata Sultani Barghash wa Zanzibar akamtia gerezani. Alitoka baada ya Barghash kufa mwaka 1888. Barghash huyo huyo ndiye aliyeshindwa kuwazuia Wareno mwezi Februari 1887, walipoishambulia na kuitwaa ghuba ya Tungi, ambayo leo mji wa Palma unaitazama. Sultani mmoja alikuwa na nguvu za kumfunga mwanachuoni Mombasa, lakini hakuwa na nguvu za kuulinda mpaka wake wa kusini. Wazungu walikuwa wamekwisha kuanza kuigawa pwani kwa ramani.

Yatima wa Mombasa

Al-Amin alizaliwa mwaka 1891. Baba yake alifariki mwaka 1894, na mtoto hakupata kumjua vizuri. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya juu ya eneo hilo. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa tawi la Gazi, aliingia vitani dhidi ya Waingereza. Vita hivyo vilidumu hadi mwaka uliofuata, alipovuka mpaka na kukimbilia kwa Wajerumani. Huo ndio uliokuwa upanga wa mwisho kuinuliwa kwa jina la Mazrui. Ngome ya Yesu ikafanywa gereza, na ikabaki gereza hadi mwaka 1958. Maisha yote ya utu uzima ya al-Amin, jengo walimokaa mababu zake wakihukumu watu lilikuwa mahali pa kuwafungia wezi na wadaiwa, nalo lilikuwa hatua chache kutoka mitaa ya Mji wa Kale alimoishi.

Kijana alipokua alivuka bahari kwenda kusoma Zanzibar, kama walivyofanya wanafunzi wengi wa dini wa wakati ule, kutoka Lamu hadi Ngazija na hata pwani ya Msumbiji. Walimu wake wakubwa walikuwa wawili, Sayyid Ahmad bin Abu Bakr bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote walifariki mwaka 1925. Wa kwanza alikuwa sharifu mwenye asili ya Hadhramaut, aliyezaliwa Ngazija na kuwahi kuwa nahodha wa jahazi kabla ya kuwa kadhi. Jambo hili lina uzito, kwa sababu baadaye al-Amin alikuja kuwa mkosoaji wa baadhi ya mila zilizotukuzwa na masharifu wa pwani, ilhali elimu yake mwenyewe aliipata miguuni pao.

Kilichomtenga na walimu wake kilikuja kwa meli. Kilikuwa ni majarida kutoka Cairo, hasa al-Manar lililohaririwa na Rashid Rida, yaliyobeba mawazo ya Jamal al-Din al-Afghani na Muhammad Abduh. Wanachuoni hao walifundisha kwamba udhaifu wa Waislamu mbele ya Ulaya haukutokana na dini yao. Ulitokana na kuiacha elimu, na kuyashika mazoea wakidhani ndiyo dini. Al-Amin aliyasoma hayo Mombasa, akatazama nje ya dirisha lake, akaona ushahidi.

Mji wake ulikuwa umebadilika kuliko alivyoweza baba yake kuufikiria. Reli ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Bandari mpya ya Kilindini ilikuwa ikiifunika ya zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wathibitishe kwa maandishi, mbele ya ofisa wa serikali, kwamba mashamba yao ni yao. Mwenye karatasi alisikilizwa. Asiyekuwa na karatasi, au aliyekuwa nayo lakini hakuielewa lugha ya ofisi, aliona ardhi ikihesabiwa kuwa ya serikali au ya mwingine. Mtu wa Quitunda aliyewahi kuhesabiwa minazi na mikorosho yake kabla ya kuhamishwa hahitaji maelezo marefu juu ya uzito wa karatasi ya namna hiyo.

Karatasi iliyogawiwa bure

Mwaka 1930 al-Amin alianzisha as-Sahifa. Lilikuwa gazeti dogo sana, karatasi iliyogawiwa bure, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuatiwa na kubwa zaidi, al-Islah, lililotoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Neno islah maana yake ni kutengeneza kilichoharibika.

Mwaka aliouchagua unafaa kuangaliwa. Tarehe 1 Januari 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha Kamati ya Lugha ya Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kusanifisha lugha hiyo kwa kufuata lahaja ya Unguja na kwa herufi za Kilatini. Kiswahili kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu karne kadhaa kabla ya kamati hiyo, na ghafla mtu aliyeweza kuandika barua, mkataba au utenzi wa beti elfu akaanza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma. Al-Amin hakuandika gazeti lake ili kuipinga kamati. Aliandika kwa herufi ambazo Waswahili wenzake walikuwa wamekwisha kujifunza chuoni utotoni, ili mama aliye nyumbani na baharia aliye forodhani wayasome bila mkalimani. Alikuwa pia miongoni mwa waliojitahidi kuzitengeneza herufi zenyewe, ili sauti za Kibantu kama p, ch, v na g, ambazo Kiarabu hakina, zipate alama zake na msomaji asilazimike kubahatisha.

Desturi hiyo ya uandishi haikuwa ya Mombasa peke yake. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria mjini Maputo zimo mamia ya barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi kwa Kiswahili, ambazo watawala wa kaskazini ya Msumbiji walipelekeana na maofisa wa Kireno. Wareno walilazimika kuajiri wakalimani wa kuzisoma. Baadaye utawala ulipokuwa imara, mambo yaligeuka na mkalimani akawa anahitajiwa na upande wa pili.

Ndani ya gazeti, al-Amin hakuwabembeleza wasomaji wake. Mkoloni alimtaja, lakini si yeye aliyekuwa mlengwa wa kwanza. Aliwashutumu Waswahili kwa kutumia mali kupita kiasi katika arusi na matanga, kwa uvivu, kwa kujivunia nasaba badala ya kazi, na kwa kugombana wao kwa wao huku wengine wakiushika uchumi wa mji. Aliwakejeli vijana waliodhani kwamba kuvaa na kuishi kama Mzungu ndio ustaarabu. Hapo hapo aliwakemea wazee waliokataa kuwapeleka watoto kwenye shule za elimu ya kisasa. Aliandika kwamba wasichana nao wasomeshwe, na hoja zake alizitoa katika dini yenyewe. Msimamo wake ulikuwa mgumu kushikwa, na hata leo baadhi ya wanaomnukuu huchukua nusu moja tu: ama ile ya kukataa uigaji, ama ile ya kutaka elimu mpya. Yeye alizitaka zote mbili kwa wakati mmoja.

Katika dini alikuwa mkali pia. Alipinga kutafuta haja makaburini, na kuzifanya sherehe kuwa nguzo za ibada. Maneno kama hayo yaliwaudhi wengi katika pwani ambayo maulidi na ziara ni sehemu ya maisha, na ambayo tariqa zimeenea kutoka Lamu hadi Angoche. Kwa msomaji wa Palma au Mocímboa da Praia, mazungumzo juu ya kuitengeneza dini yamekuwa na harufu ya baruti tangu Oktoba 2017. Itafaa basi kuangalia njia aliyoipita sheikh huyo wa Mombasa. Alibishana kwa makala na kwa darsa za msikitini, aliwaheshimu masharifu waliomfundisha, na hakuacha kuishi na kuswali pamoja na watu aliowakosoa. Wapinzani wake nao walimjibu kwa maneno. Mabishano yalikuwa makali, na mji ukaendelea kuwa mmoja.

Bei ya kiti cha kadhi

Mwaka 1932 al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa. Mwaka 1933 al-Islah likasimama. Mwaka 1937 akapanda kuwa Kadhi Mkuu, cheo alichokuwa nacho hadi kufa.

Uhusiano wa mambo hayo si siri kubwa. Ukanda wa pwani ya Kenya, maili 10 kutoka baharini, ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar uliokodishwa kwa Waingereza, na mahakama za kadhi zililindwa na mapatano hayo. Kadhi alihukumu kwa sheria ya Kiislamu katika ndoa, talaka na mirathi, lakini mshahara wake ulitoka serikalini. Mwenye kazi hiyo hakuweza kuendelea kuhariri gazeti la kuisema serikali na wakuu wa mji kila wiki.

Je, ilikuwa biashara nzuri? Anayempima kwa gazeti lake ataona hasara, maana sauti yenye ncha namna ile haikupatikana tena Mombasa kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine, nguvu zake zilihamia penginepo. Aliendesha madrasa ya al-Ghazali. Aliandika vitabu vya masomo ya dini kwa watoto, vifupi na kwa lugha nyepesi, ambavyo vilitumika katika vyuo vya pwani kwa vizazi. Alianza kuifasiri Qurani kwa Kiswahili, kazi ambayo Mwislamu wa pwani alikuwa hajaifanya kwa ukamilifu. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ilikuwa imefanywa na mmisionari wa Kikristo, Godfrey Dale. Al-Amin hakuimaliza kazi hiyo. Sehemu ya tafsiri yake ilichapishwa baadaye na mwanafunzi wake.

Makala zake za gazetini nazo hazikupotea. Mwaka 1944 baadhi yake zilikusanywa katika kitabu kilichoitwa Uwongozi, na matoleo yaliyosomwa na vizazi vilivyofuata ni ya herufi za Kilatini. Kwa namna fulani kitabu hicho kinaonyesha kamati ya mwaka 1930 ilivyoshinda: mwandishi aliyeanza kwa herufi za chuoni amefika kwa wajukuu zake kwa herufi za shuleni.

Kazi yake ndefu kuliko zote aliiandika kwa Kiarabu, nayo ni historia ya utawala wa Wamazrui katika Afrika Mashariki. Kufikia hapo alikuwa mzee, mtumishi wa dola iliyomaliza vita vya mwisho vya ukoo wake, na mji aliouandikia ulikuwa na bendera ya kizazi kile kile cha masultani kilichowapeleka mababu zake Bandar Abbas. Alitumia masimulizi ya wazee na nyaraka za ukoo. Ni historia ya upande mmoja, bila shaka, na hakuna mtu angetarajia mjukuu aandike vinginevyo. Hata hivyo imehifadhi majina, vita, mapatano na ugomvi wa ndani ya nyumba ambavyo vitabu vya Wazungu na vya Zanzibar haviyataji. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1995.

Waliolirithi jina

Zamani mtu wa pwani hakuwa na jina la ukoo kwa maana inayotakiwa na karani wa serikali. Alikuwa fulani bin fulani, naye al-Amin alikuwa bin Ali bin Abdallah bin Nafi. Utawala wa kizungu ulitaka neno moja la mwisho la kuandika katika daftari. Kaskazini mwa Ruvuma neno hilo mara nyingi likawa jina la babu au la kabila. Kusini, karani wa Kireno aliandika alichokisikia, Mohamed akawa Momade, Abdallah akawa Abdala na Ahmad akawa Amade, na hivyo ndivyo wajukuu wanavyojiita hadi leo. Wamazrui walikuwa na bahati ya kuwa na nisba inayojulikana, na iliyokwisha kuandikwa vitabuni kabla karani hajafika.

Wa kwanza kulirithi jina katika uandishi alikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1912. Alikuwa mwanafunzi wa al-Amin na mtu wa karibu naye kabisa. Alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, hadi 1968. Aliandika kwa Kiswahili maisha ya makhalifa wa kwanza wa Uislamu na vitabu vya sheria ya dini, na mwaka 1972 alianzisha gazeti la Sauti ya Haki, ambalo aliliendesha hadi alipofariki mwaka 1982. Aliyempokea ukadhi mkuu, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, mfasiri wa Qurani yote kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1969, alikuwa naye amefunzwa na al-Amin. Ile tafsiri iliyoachwa njiani Mombasa ikawa imekamilishwa na mwanafunzi, ingawa hakuwa wa ukoo.

Halafu kuna mtoto. Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1933, mwaka gazeti la baba yake lilipofungwa. Baba alitaka aende chuo cha al-Azhar, Cairo, awe mwanachuoni kama yeye na babu yake, lakini alifariki kabla ya mtoto kumaliza shule. Ali alipata alama hafifu katika mtihani wa mwisho wa sekondari, akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu mjini Mombasa. Hotuba aliyoitoa mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika sherehe ya maulidi, mbele ya Gavana Philip Mitchell, ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Alisoma Manchester, kisha Columbia nchini Marekani, akapata udaktari Oxford mwaka 1966. Alikuwa profesa Makerere hadi utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke mwaka 1973, kisha akafundisha Marekani kwa maisha yake yote yaliyosalia. Mwaka 1986 mfululizo wake wa televisheni juu ya urithi wa aina tatu wa Afrika, yaani wa wenyeji, wa Kiislamu na wa Magharibi, ulitazamwa katika nchi nyingi na ukazusha ubishi mkubwa.

Ali Mazrui aliandika vitabu zaidi ya 30, karibu vyote kwa Kiingereza. Mtoto wa mtu aliyewaonya Waswahili wasiyaige ya Wazungu akawa bingwa wa lugha ya Wazungu. Lakini tabia ya kuandika ili kuchokoza, kuwaambia wasomaji mambo wasiyopenda kuyasikia, na kuamini kwamba Uislamu na elimu ya kisasa vinaweza kukaa chumba kimoja, hiyo ilitoka nyumbani Mombasa, na wasomaji wa Uwongozi huitambua mara moja.

Kiswahili kilipata mwandishi wake mwingine katika Alamin Mazrui, aliyepewa jina la sheikh mwenyewe. Tamthilia yake Kilio cha Haki, inayohusu wafanyakazi wa shambani na mwanamke anayewaongoza, ilitoka mwaka 1981. Mwaka uliofuata serikali ya Rais Daniel arap Moi ilimweka kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Alipotoka alikuwa na mashairi, na mwaka 1988 yakachapishwa katika diwani ya Chembe cha Moyo. Babu mkuu wa ukoo huo wa waandishi, Sheikh Ali bin Abdallah, alifungwa na sultani kwa sababu ya kalamu. Karibu miaka mia moja baadaye Mazrui mwingine alifungwa na jamhuri kwa sababu hiyo hiyo.

Ali Mazrui alifariki Marekani tarehe 12 Oktoba 2014. Mwili wake ulisafirishwa hadi Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya ukoo, karibu na Ngome ya Yesu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, Uwongozi wa baba yake ulitolewa upya mjini Leiden, Uholanzi, Kiswahili cha Mombasa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.